Nilibomoa nyumba ya jirani kwa ushauri wa dakika tano

Mpenzi msomaji, wiki hii utani utakuwa kidogo. Wewe uliyezoea kufungua ukurasa huu moja kwa moja ukitafuta vituko vya Buzuruga, nivumilie. Vituko vipo, ila kituko cha kwanza leo ni mimi mwenyewe.

Kwa wasionijua, mimi ni kijana wa kidato cha nne, mwenye cheti cha kuweka kabatini na si cha kutembea nacho. Kalamu ndiyo iliyoniokoa. Nilianza kutuma vijistori vya mapenzi gazetini, wahariri wakavipenda, nikawa nalipwa kwa kila makala, pesa ya vocha na chipsi mayai. Mtaani habari zikasambaa kwamba mtoto wa mama mwenye nyumba pale juu anaandika mambo ya mapenzi gazetini. Washkaji wa kijiweni karibu na stendi wakanibandika jina: Dokta. Nami bila aibu nikaitika.

Usicheze na jina, bwana. Ukiitwa Dokta siku tatu, ya nne unaanza kutibu. Meseji zikaanza kumiminika. Huyu kaachwa, yule kapewa mimba ikakanwa, mwingine anapenda watu wawili kwa mpigo. Nilikuwa najibu huku nakunywa chai. Achana naye. Mvumilie. Mpe wiki mbili, asipobadilika mpige chini. Kazi ilikuwa rahisi ile mbaya, na mimi nilijiona nina kipaji.

Ndipo akaja jirani yetu. Jina nalihifadhi, na mambo mengine nimeyageuza kidogo ili asijulikane. Anauza nyanya na dagaa mbele ya nyumba, ana watoto wawili, na mumewe alikuwa dereva wa fuso. Jioni moja alinikuta nimekaa kwenye tofali nje ya geti, akasema, "Kaka, nisaidie. Shemeji yako amebadilika. Mwezi wa pili huu hanisemeshi. Anatoka alfajiri, anarudi usiku, anakula, analala. Nikimwuliza kitu ananiambia niache."

Sikumwacha hata amalize. Nikamwambia, "Dada, hiyo dalili inajulikana. Ana nyumba ndogo. Usimwulize, mfuatilie. Ukimkamata kwa macho yako hatakuwa na la kusema."

Aliniangalia kama mtu aliyepewa dawa, akasema, "Wabeja, kaka," akaenda zake. Mazungumzo yote hayo yalichukua dakika tano. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nawahi mpira.

Siku ya tatu akapanda bodaboda akamfuata mumewe mpaka Igoma. Akamkuta kwa mama lishe, amekaa kwenye benchi, sahani ya ugali na dagaa mbele yake, mama lishe anamwongezea mchuzi huku wanacheka. Jirani yangu hakuuliza kitu. Alipindua sahani, mchuzi ukamwagika kwenye shati la mumewe, na matusi yakafuata. Watu wakajaa kama senema ya bure.

Mama lishe naye akapaza sauti: "Wee dada, mwanaume gani nimchukue, huyu? Mumeo hana kazi! Tajiri wake kauza gari, mwezi wa pili huu anashinda hapa anasubiri deiwaka, anakula kwa mkopo! Unilipe hela yangu!"

Kumbe! Mtu wa watu aliachishwa kazi, akaona aibu kumwambia mkewe. Kila alfajiri anaondoka nyumbani kama anayekwenda kazini, anakwenda kukaa chini ya mti kungoja dereva mwenye udhuru ampe gari siku moja. Siri aliyoificha kwa wiki zote hizo ikatangazwa mbele ya madereva wenzake na mkewe mwenyewe. Walioshuhudia wanasema hakujibu neno. Alijifuta mchuzi kwa kiganja, akatembea kuelekea barabarani. Huu mwezi wa nane hajarudi. Wapo wanaosema yuko Geita kwenye machimbo. Mara mojamoja anatuma pesa ya watoto kwa simu, bila salamu.

Kijiweni walicheka mpaka machozi. "Dokta, mgonjwa amekufia mezani!" Nami nikacheka nao. Halafu nikaanza kupita njia ya nyuma ili nisikutane na jirani.

Sasa, nyumbani kwetu kuna chumba cha uani ambacho Mama anapangisha. Mpangaji wetu ni dada mmoja nesi, umri wake thelathini na kitu, mtu wa Sengerema, mpole, haongei sana. Namwita Dada tu. Usiku taa yake huwaka mpaka saa saba, na mezani vitabu vinene kama matofali. Anasoma shahada ya uzamili ya unasihi na tiba ya kisaikolojia. Chuo sikitaji, maana hajaniruhusu.

Zamani nilikuwa nikiona vile vitabu najiambia, huyu anasomea kazi ninayoifanya mimi bure. Nilidhani ndani yake kuna majibu: mume mkorofi, ukurasa wa 40; mtoto mtukutu, ukurasa wa 90. Nikawa namcheka kimoyomoyo, miaka yote hiyo shuleni kujifunza kuwaambia watu la kufanya!

Habari ya Igoma ilipomfikia, aliniita. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Aliuliza tu, "Mdogo wangu, alizungumza dakika ngapi?"

"Kama mbili."

"Na wewe?"

"Tatu hivi."

"Ulimwuliza mumewe siku hizi anafanya kazi gani?"

Kimya.

"Ulimwuliza yeye mwenyewe anahisi kuna nini?"

Nikaangalia chini. Dada akasema, "Basi hukumshauri yeye. Ulimshauri mwanamke mwingine uliyemtunga kichwani mwako, kama wale wa hadithi zako."

Nikachoka. Usiku ule sikulala. Kesho yake nikaenda kumgongea mlango nikamwomba anieleze, sasa nyie mnasoma nini?

Akanieleza, nami nakuletea kama nilivyoyapata.

Kwanza jina lenyewe. Hapa kwetu ukisema ushauri nasaha, mtu anashtuka. Siku moja jirani wa kushoto alimnong'oneza Mama, "Ati mpangaji wako anapima ngoma?" Haikutoka hewani. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya ziwa hili hili, na neno hilo tulilizoea humo, kwenye mabenchi ya kusubiri majibu. Mwaka 1989 likazaliwa shirika la WAMATA, na kuanzia mwaka 2001 vikaja vituo vya Angaza vya kupima kwa hiari. Hapakuwa na kupima bila kuongea na mshauri kwanza. Kazi ile iliokoa watu, lakini ilituachia fikra kwamba mnasihi ni mtu wa kukupa majibu ya damu. Ukiwa na huzuni, ukiwa umefiwa, ndoa ikikushinda, humfikirii. Na kwa daktari wa akili ndiyo huendi kabisa, maana watasema umetoroka Mirembe.

Dada anasema mambo haya yalianza mbali. Kule Vienna, miaka ya 1880, daktari Josef Breuer alikuwa akimtibu binti mmoja aliyepooza viungo bila ugonjwa unaoonekana. Binti akagundua kwamba akisimulia yaliyomo moyoni anapata nafuu, akaiita tiba ya maongezi. Angalia hapo, msomaji: jina hilo alilitoa mgonjwa mwenyewe. Breuer na mwenzake Sigmund Freud waliandika habari zake mwaka 1895. Baadaye Marekani akatokea Carl Rogers, ambaye mwaka 1942 alitoa kitabu kuhusu unasihi na tiba ya kisaikolojia. Huyo alikataa kumwita mtu mgonjwa, akamwita mteja. Alishikilia kwamba anayejua zaidi maisha ya mteja ni mteja mwenyewe. Kazi ya mnasihi ni kumsikiliza kwa moyo, bila kumhukumu na bila kujifanya, mpaka asikie anachosema.

"Sasa hicho ndicho kinachokula miaka?" nikamwuliza.

Alicheka. Darasani kwao wanakaa watatu watatu. Mmoja anakuwa mteja, wa pili mnasihi, wa tatu anatazama na kuandika makosa. Na makosa ya kwanza ya kila mtu, awe nesi, mwalimu au mchungaji, ni yale yale yangu: kukatiza, kutoa ushauri haraka, kuhamisha stori ije kwako ("hata mimi iliwahi kunitokea..."), na kufariji juu juu ili mtu anyamaze. Dada mwenyewe, pamoja na miaka yake yote wodini, mara ya kwanza aliambiwa amemkatiza mteja mara kumi na moja kwa dakika ishirini.

Baada ya hapo kuna nadharia, kuna kujifunza dalili za sonona na za maradhi makubwa ya akili ili ujue ni nani wa kumpeleka kwa daktari badala ya kukaa naye unapiga soga. Kuna fildi, unakutana na watu wenye matatizo ya kweli chini ya msimamizi ambaye kila wiki anakuuliza ulisema nini na kwa nini. Kuna utafiti na tasnifu. Na kuna maadili. Yanayosemwa chumbani ni siri, isipokuwa pale uhai wa mtu unapokuwa hatarini, na mteja anaelezwa mpaka huo tangu siku ya kwanza. Ukihisi mtu amekata tamaa ya maisha unamwuliza wazi kama anafikiria kujiua, kwa sababu kuuliza hakumpandikizii wazo, kunampa nafasi ya kulitoa.

Nikamwambia, basi ninasihi mimi, roho inaniuma kwa jirani.

"Siwezi," akasema. "Naishi kwenu, namlipa mama yako kodi, jioni tunakula pamoja. Mnasihi hamnasihi ndugu wala mwenye nyumba wake. Ila naweza kukupa zoezi. Tafuta mtu, msikilize dakika kumi. Usishauri. Usisimulie ya kwako. Usiseme usijali."

Dakika kumi tu! Nikajua hilo la kitoto.

Wa kwanza nilimjaribia kijiweni, mshikaji anayelalamikia mchumba. Dakika ya pili nilikuwa nimeshamwambia amwache. Wa pili, dakika ya tatu. Kunyamaza ni kazi, wewe acha tu. Nilikuwa nasikia maneno yananiwasha ulimini kama pilipili.

Halafu ukaja usiku mmoja wa mwezi wa Mei. Umeme wa LUKU ulikuwa umekwisha, Mama na mimi tumekaa uani kwenye mkeka tunachambua mchele kwa mwanga wa simu. Mama akasema, kama anayejisemea, "Keshokutwa tarehe ishirini na moja."

Hapa Mwanza hakuna asiyeijua tarehe hiyo. Mei 21, mwaka 1996, Jumanne asubuhi, MV Bukoba ikitokea Bukoba ilipinduka ikiwa imebakiza safari fupi tu ifike hapa. Ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Waokoaji walipotoboa ubavu wake ili watu watolewe, hewa ikatoka, meli ikazama. Waliokufa wanahesabiwa karibu 900, na wapo wanaosema ni zaidi, maana wengine hawakuandikwa. Mimi sikuwa nimezaliwa. Ninachojua ni kwamba kaka yake Mama, mjomba wangu, alikuwemo, na kwamba jina ninaloitwa ni lake. Kwetu halizungumzwi. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipopinduka kule Ukara wakafa watu 228, Mama alizima redio, akaingia ndani akafunga mlango mpaka kesho yake.

Siku zote Mama akiitaja tarehe hiyo tulikuwa na jibu moja, mimi na ndugu zangu: "Mama, ni mipango ya Mungu." Anasema, "Ni kweli," yanaishia hapo.

Usiku ule nikalimeza jibu hilo. Nikasema tu, "Ndiyo, Mama. Keshokutwa."

Akachambua mchele. Nami nikachambua. Mpaka leo sijui ule ukimya ulichukua muda gani, ila ulikuwa mrefu. Kisha akasema, "Unajua mimi ndiye niliyemwita?"

Mwili ukanisisimka. Sentensi ilikuja yenyewe mdomoni: Mama, si kosa lako. Nikakumbuka Dada alichosema juu ya maneno ya namna hiyo, kwamba mara nyingi tunayasema kujifariji sisi, na mwenye lake anafunga mdomo. Nikasema, "Wewe ndiye uliyemwita."

Mama akaanza kusimulia. Babu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo kaka ndiye aliyesimama badala ya baba. Yeye alikuwa akifanya biashara ya ndizi Bukoba. Wakwe walikuwa waje Jumatano kuzungumza mahari. Kaka aliandika kwamba mzigo haujakamilika, wasogeze wiki moja. Mama akamjibu kwa barua, akampa mtu aliyekuwa akipanda meli: ukinipenda, njoo wiki hii hii. Akaja. Jumanne asubuhi Mama alikuwa bandarini amevaa kitenge kipya, amemchukulia chapati kwenye bakuli.

Siku nne alipita kwenye mistari ya maiti akifunua na kufunika. Hakumpata. Mahari yalizungumzwa miezi baadaye, na mtu mwingine akakaa kwenye kiti cha kaka.

"Wote walinipa pole," Mama akasema. "Hata mmoja hakuniuliza kwa nini alisafiri siku ile. Nami nikashukuru hawakuuliza. Halafu nikawa nangoja mtu aulize."

Nilikuwa nimeshapiga hesabu kichwani. Wale wakwe wa Jumatano ni babu na bibi yangu wa kwa baba. Harusi iliyokuwa ikiharakishwa ndiyo iliyonizaa mimi, na kila anaponiita anamwita yeye. Sikusema hilo. Nilimshika mkono, mchele ukamwagika kidogo kwenye mkeka, tukauokota.

Asubuhi nilimkimbilia Dada nikitetemeka, nikidhani nimemfungua Mama kidonda. Akaniambia, "Kidonda kilikuwepo. Wewe umekaa naye tu. Ila kumbuka, wewe ni mwanawe, si mnasihi wake. Usianze kumtibu. Akitaka mtu wa kuzungumza naye zaidi, wapo. Hata hapo Bugando kuna idara ya afya ya akili."

Nilimfikishia Mama ujumbe huo, akasema atafikiri. Bado anafikiri. Lakini tarehe 21 asubuhi alinigongea mlango amevaa, akaniambia twende Igoma. Tukapanda daladala mpaka kwenye makaburi walikozikwa wahanga wa meli. Inawezekana mjomba yumo, inawezekana hayumo. Mama alisimama hapo kama nusu saa. Wakati wa kurudi akanisimulia jinsi mjomba alivyokuwa hajui kuogelea ila anajisifia, akacheka. Mimi sijawahi kumsikia Mama akicheka habari za mjomba.

Na kabla hujaniandikia kunilaumu, nimemwomba Mama ruhusa kuandika haya. Aliniambia nimsomee kwanza. Nimemsomea, amefuta sentensi mbili, iliyobaki ndiyo hii.

Sasa naona kijana mmoja anauliza, Dokta, kwa hiyo nawe unaenda kuisomea? Nimeuliza. Kwa cheti changu naanza na astashahada mwaka mmoja, stashahada miwili, shahada ya kwanza mitatu, na nikipata daraja zuri ndipo uzamili, mwaka mmoja na nusu au miwili. Jumla miaka minane hivi, nisipofeli na ada isiponishinda. Muhimbili, kwenye chuo kikuu cha afya, wanafundisha uzamili wa saikolojia ya kitabibu. Nairobi, Chuo Kikuu cha Daystar kina uzamili wa saikolojia ya unasihi. Wenzetu wa Kenya wametangulia. Kituo cha Amani cha Nairobi kinatoa unasihi tangu 1979, na mwaka 2014 nchi ikatunga sheria ya wanasihi na wanasaikolojia, kwamba anayejiita hivyo asajiliwe. Sheria ile ingenikuta mimi na jina langu la Dokta kwenye tofali, ningekuwa na la kujibu.

Je, miaka hiyo minane watu wasubiri? Dada alinionyesha mambo mawili. Mwaka 2002, Masaka na Rakai nchini Uganda, ziwa letu hili hili, watafiti waliwafundisha watu wa kawaida wanaojua Kiganda, wiki mbili tu, jinsi ya kuongoza vikundi vya wanakijiji wenye sonona. Vikundi vilikutana kila wiki kwa wiki 16, watu wanazungumza misiba, ugomvi na maisha yaliyogeuka ghafla. Matokeo yalitoka 2003: waliokaa kwenye vikundi walipata nafuu kubwa kuliko wasiokaa. Na Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake aliyejiua kwa sababu alikosa nauli ya basi kuja hospitali. Mwaka 2006, kule Mbare mjini Harare, akawafundisha bibi kumi na wanne kusikiliza watu kwenye mabenchi. Utafiti uliotolewa 2016 ukaonyesha mabenchi hayo yanasaidia kweli. Zanzibar nao wameyachukua.

Niliposikia hayo nikaruka: kumbe shahada haihitajiki! Dada akanituliza. "Wale bibi walifundishwa," akasema, "na nyuma yao wapo wataalamu wanaowasimamia. Wakikutana na mzigo usio wao wanajua pa kuupeleka. Hao wataalamu wanatoka wapi kama hakuna anayekaa darasani?"

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Nimechukua fomu ya astashahada, iko mezani, sijajaza. Meseji zenu naendelea kuzisoma, ila msishangae nikijibu kwa swali. Na atakayeniandikia jambo zito nitamwelekeza kwa anayejua. Sitajifanya tena.

Jumamosi iliyopita niliacha njia ya nyuma, nikapita ya mbele. Jirani alikuwa anapanga nyanya mafungu mafungu. Nikamsalimia, nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa ushauri wangu. Aliendelea kupanga nyanya. Baadaye akasogeza kigoda, nikakaa.

Akazungumza kwa muda mrefu. Alichokisema ni chake, hakitoki hapa. Wateja walikuja wakaondoka, mtoto mdogo akalala mgongoni kwake. Alipomaliza akaniangalia.

"Leo hujaniambia nifanye nini."

"Sijui, dada."

"Na siku ile ulijua?"

"Hapana."

Akafunga nyanya zangu za mia tano, akazidisha moja.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.